Uzito Bila Mafuta

Karatasi ya maelezo ya chensoo haisemi uongo, ila ina namna yake ya kusema kweli. Ukikuta imeandikwa kilo 6.6, hizo ni kilo za mashine ikiwa tupu: bila bapa la chuma linalobeba mnyororo, bila mnyororo wenyewe, bila petroli, bila oili ya kulainisha mnyororo. Hakuna mtu aliyewahi kuangusha mti kwa mashine ya namna hiyo. Funga bapa la sentimita 63, jaza petroli, jaza oili, na zile kilo 6.6 zinasogea kwenye 9. Hizo ndizo kilo ambazo mtu anazibeba begani kutoka pale bodaboda iliposhindwa kuendelea mpaka pale mti uliposimama.

Nilianza kusoma karatasi hizi kwa sababu ya baba mdogo. Hapa Gungu anajulikana kwa kazi moja tu, kupasua mbao, na ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Amepasua Uvinza, amepasua Kasulu, amepasua Kibondo, na kati ya safari na safari amekata miembe iliyoelemea nyumba za watu na michikichi mizee ambayo wenye mashamba wanataka kuipisha miche ya kisasa. Miaka yote hiyo mashine haikuwa yake. Ilikuwa ya tajiri, na matajiri walibadilika. Yeye alikuwa na mikono.

Mikono hiyo sasa asubuhi haifungi vifungo vya shati. Anaamka, anakaa kwenye mkeka ukumbini, anavisugua vidole kimoja kimoja kama mtu anayeokoa moto kwenye makaa. Kikombe cha chai anakishika kwa viganja viwili. Akienda Kasulu mwezi wa sita au wa saba, kule juu kwenye baridi, vidole vinakufa ganzi kabisa mpaka jua litoke. Kwenye kituo cha afya alipewa dawa ya maumivu, akaambiwa apumzike. Aliporudi alituuliza, bila hasira, kupumzika kunauzwa wapi.

Mashine ya tajiri wa mwisho ilipokufa, ukoo ulikaa. Ikaamuliwa tuchange, tununue ya kwetu. Baba mdogo angekwenda nayo kama mwalimu, na mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka ishirini na mbili, angeishika. Mimi ninasubiri ajira ya ualimu, na kwa sasa nasaidia kwenye steshenari ambako kuna kompyuta na intaneti. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa wazi.

"Wewe umesoma," shangazi alisema. "Tutafutie iliyo nzuri."

Siku iliyofuata nilikwenda kwa baba mdogo na daftari.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Andika. Uzito. Tangi. Halafu andika kama inaua mikono au haiui."

Nikachora safu tatu. Ile ya tatu niliipa jina la starehe, kwa sababu ndilo neno nililoliona limetafsirika kirahisi kutoka kwenye karatasi za watengenezaji. Akaichungulia, akacheka.

"Starehe iko baa," alisema. "Hapo andika mikono."

Nikafuta, nikaandika mikono. Kisha akaongeza kwamba kuna safu ya nne ambayo hahitaji niiandike, anaijua mwenyewe: spea. Mji wetu ni mwisho wa reli tangu 1914, na kitu kikiharibika mwisho wa reli, kinasubiri kitu kingine kitoke mwanzo wa reli. Mashine ambayo plagi yake, kamba yake ya kuwashia na mnyororo wake havipatikani Mwanga, hata iwe nyepesi kama kuku, hataki kuisikia.

*

Nilianza na uzito kwa kuwa ndio ulioonekana rahisi.

Chensoo imekuwa ikipungua uzito kwa karibu miaka mia. Andreas Stihl, fundi wa Ujerumani, alitengeneza msumeno wake wa kwanza wa mnyororo mwaka 1926. Ulitumia umeme, ulikuwa na kilo 48, na ulishikwa na watu wawili. Mwaka 1929 ukaja wa petroli wenye kilo 46. Mwaka 1950 kampuni yake ikatoa wa petroli wa kushikwa na mtu mmoja, kilo 16. Mwaka 1959 ukaja ule ulioitwa Contra, kilo 12. Mwaka huohuo wa 1959 Husqvarna ya Uswidi, kampuni iliyoanza mwaka 1689 kama kiwanda cha bunduki, nayo ikaingia kwenye chensoo.

Nilimsomea baba mdogo historia hii, akaisikiliza kwa makini. Kisha akanihadithia ya kwake. Babu yetu alipasua mbao kwa msumeno wa mkono, ule mrefu wa watu wawili: gogo juu ya shimo au jukwaa, mtu mmoja juu, mwingine chini anakula vumbi la mbao. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, alisema, lakini ilikuwa na jambo moja. Wa juu akichoka, wa chini anapumzika. Wa chini akiingiwa na vumbi jichoni, wa juu anapumzika. Huwezi kumwacha mwenzako aendelee peke yake.

"Walipoifanya ya mtu mmoja," alisema, "walimtoa na yule wa kukuambia tupumzike."

Niliyaandika hayo pembeni ya daftari, nje ya safu.

Kwenye safu yenyewe niliweka mashine ambazo mafundi wa hapa wanazitaja na ambazo namba zake nilizipata. Stihl MS 381, injini ya cc 72, kilo 6.6. Husqvarna 372 XP, cc karibu 71, kilo sita na ushee. Stihl MS 661, cc 91, kilo 7.4. Husqvarna 395 XP, cc karibu 94, kilo 7.9. Na mwisho ile ambayo kila mpasua mbao wa Afrika ameisikia ikinguruma porini, Stihl MS 070, cc karibu 106, zaidi ya kilo 10 hata kabla ya kufungwa bapa.

Nilitegemea achague nyepesi. Badala yake alinifundisha kwamba uzito una saa zake. Wakati wa kupasua, mashine imelala juu ya gogo. Gogo ndilo linalobeba, wewe unaisukuma na kuinyoosha. Hapo kilo kumi si adhabu sana, na zina faida yake, maana mashine nzito hairukiruki ovyo. Uzito unaingia mwilini kwenye mambo mengine: kutembea nayo, kuinama kukata shina chini kabisa, kuinyanyua kupunguza matawi mti ukishalala. Mtu anayekata matawi siku nzima akibeba mashine ya kupasulia, jioni hawezi kuinua mkono kupokea chakula. Mtu anayepasua mninga mnene kwa mashine ya kukatia matawi atakaa msituni wiki nzima, na mashine itaungua.

"Swali si kilo ngapi," alisema. "Swali ni kilo hizo zinakaa juu ya nani, na muda gani."

*

Tangi ndilo lililonikalisha usiku.

Matajiri wanapenda tangi kubwa, na hoja yao inaeleweka. Kila mara petroli inapokwisha, kazi inasimama. Mtu anaweka mashine chini, anatafuta dumu, anachanganya na oili, anamimina taratibu asimwage, anafunga, anavuta kamba. Ukilipwa kwa ubao, dakika hizo hazina mbao ndani yake. MS 381 inachukua lita 0.68. Husqvarna 372 XP inachukua lita 0.77. MS 661 inachukua 0.85, na 395 XP inachukua 0.9. MS 070 inachukua kama lita 1.2. Ukisoma safu hiyo kutoka juu kwenda chini, unaweza kudhani umesoma safu ya nani atafanya kazi muda mrefu bila kusimama.

Lakini injini kubwa ina kiu kubwa. Nikachukua kikokotoo, nikagawanya tangi kwa nguvu ya injini. MS 381 ina kilowati 3.9, kwa hiyo kila kilowati ina lita 0.17 za kunywa. Kwa 395 XP, yenye kilowati 4.9, inakuja 0.18. Kwa MS 661, yenye 5.4, inakuja 0.16. Mashine tatu, ukubwa tofauti, kampuni mbili tofauti, na jibu linalokaribiana. Kwa maneno mengine, tangi la lita 0.9 halikuhakikishii kwamba utakata kwa muda mrefu kuliko mwenye la 0.68. Kwenye kazi nzito kama kupasua, zote zitakauka baada ya muda usiopishana sana. Iliyojitenga ni MS 070. Ukigawanya lita 1.2 kwa kilowati 4.8 unapata 0.25. Hii ni mashine ya kizazi kingine, na mahesabu haya hayaangalii kwamba injini za kizamani zinakunywa zaidi kwa kazi ileile, lakini tangi lake limeachwa kubwa.

Niliangalia zile namba tatu zinazofanana kwa muda mrefu. Labda ni suala la uzito tu: mafuta mengi ni mzigo, mafuta machache ni usumbufu, na mahali pa kati ni pale. Sijawahi kukutana na mhandisi wa kumuuliza. Nilichokiona mimi, nikiwa nimekaa Gungu na kikokotoo cha simu, ni saa. Kila tangi ni saa inayolia yenyewe. Haihitaji tajiri aitazame, na mfanyakazi haogopi kuonekana mvivu. Petroli imekwisha, basi imekwisha. Weka mashine chini.

Nilipomweleza baba mdogo, alinyamaza. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Ndiyo maana tulikuwa tunajaza ikiwa ya moto."

Kitabu cha maelekezo kinasema uzime injini, uiache ipoe, ndipo ujaze. Petroli ikidondokea kwenye bomba la moshi lililo moto, unawaka wewe na mti wako. Yeye anajua hilo, kila mpasua mbao anajua. Lakini kwa miaka kumi na tisa amejaza mashine ikiwa bado inafuka, kwa sababu dakika za kupoa si za mtu. Tangi lilipiga kengele, naye akaizima kengele, akavuta kamba tena. Mikono ilikuwa inapewa mapumziko mafupi mara nyingi kwa siku, na mara zote hizo iliyauza.

"Uliyauza bei gani?" niliuliza, kwa utani.

Alinionyesha viganja.

*

Safu ya tatu haina namba kwenye karatasi nyingi za kuuzia. Inabidi ufungue kitabu cha maelekezo, uende kurasa za mwisho, na hapo utakuta mtetemo wa kishikio cha kushoto na cha kulia, umeandikwa kwa kipimo ambacho watu wa fizikia wanakikumbuka: mita kwa sekunde ya mraba.

Ugonjwa wa baba mdogo una historia ndefu kuliko chensoo zenyewe. Mwaka 1918 daktari wa Marekani aitwaye Alice Hamilton aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, jimbo la Indiana, waliokuwa wakitumia nyundo za upepo. Kwenye baridi vidole vyao vilikuwa vyeupe na ganzi, kana kwamba si vyao. Mtetemo ulikuwa umeharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu. Baadaye wakata miti wa nchi za baridi wakaonekana na tatizo lilelile, na watengenezaji wakaanza kutenganisha vishikio na mwili wa injini kwa mipira na springi, ili injini itikisike peke yake. Ndiyo maana ukishika mashine ya kisasa ya kazi nzito na kuitingisha ikiwa imezimwa, vishikio vinacheza kidogo. Mnunuzi mgeni anadhani imelegea. Kumbe hapo ndipo mikono inapookolewa. Kwenye mashine nyingi za zamani vishikio vimefungwa moja kwa moja kwenye chuma, na kila mlipuko wa injini unafika mfupani.

Vitabu vinauita ugonjwa wa vidole vyeupe. Jina hilo limetungwa kwa ngozi nyingine. Vidole vya baba mdogo havikuwahi kuwa vyeupe. Vinakuwa kama vimepakwa majivu, halafu vinarudi. Huenda ndiyo sababu hakuna aliyeviona.

Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2002, uliweka mipaka. Kwa siku ya kazi ya saa nane, mtetemo wa mkono ukifika 2.5, mwajiri lazima achukue hatua. Ukifika 5, ni mwisho, mfanyakazi hapaswi kupita hapo. Mashine ikitetema zaidi, saa zinapungua, na zinapungua haraka kwa sababu hesabu yake inakwenda kwa mraba. Chukua mashine yenye mtetemo wa 7, namba ambayo haiko mbali na zinazoandikwa kwenye mashine za daraja hili. Kwa mashine hiyo unafika mstari wa kuchukua hatua baada ya saa moja hivi ya injini kuunguruma mkononi. Mstari wa mwisho unaufikia baada ya saa nne. Mashine ya 10 inakupa saa mbili tu.

Baba mdogo alikuwa akifanya saa sita, wakati mwingine saba. Hapa kwetu tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Lakini mwajiri wake alikuwa mtu wa kupiga simu, na mahali pake pa kazi palikuwa msituni palipohama kila baada ya wiki mbili.

Kuna jambo moja ambalo kitabu na baba mdogo walikubaliana bila mabishano: mnyororo butu. Mnyororo ukiwa mkali, mashine inavutwa yenyewe ndani ya mti na unga unatoka kwa vipande vipana. Ukiwa butu, unatoka vumbi laini, mtu anaanza kukandamiza kwa nguvu, mashine inalalamika, mtetemo unapanda. Kwa hiyo kabla ya kulipia mipira na springi, kuna kifaa kidogo cha bei ya soda kadhaa.

"Tupa," alisema. "Hiyo ndiyo starehe yako. Andika."

Nikaandika.

*

Tulikaa tena, safari hii na daftari katikati ya mkeka. Fedha zilizochangwa zilikuwa zinakaribia bei ya bodaboda mpya, na hiyo ilikuwa hoja ya kwanza: kwa nini tusinunue bodaboda? Hoja ya pili ilikuwa zile chensoo za bei ndogo zenye rangi zilezile za kampuni kubwa. Baba mdogo alizimaliza zote mbili kwa sentensi moja moja. Bodaboda haitafuti mtu mwenye ujuzi wa miaka kumi na tisa. Na chensoo ya bei ndogo utainunua mara tatu.

Hoja ya tatu ilikuwa ya mama.

"Mnanunua mashine ya kumaliza miti," alisema. "Mmeiona milima?"

Tumeiona. Ukipanda boti Kibirizi kwenda kaskazini, unaona milima ya kando ya ziwa ilivyo na nyasi na mihogo, mpaka ufike Gombe ambako msitu unaanza ghafla kama umechorewa mpaka kwa rula. Jane Goodall alifika pale mwaka 1960 kuwatazama sokwe. Kufikia 1994 taasisi yake ilikuwa imeona kwamba sokwe hawatapona bila vijiji vya jirani, ikaanzisha mradi wa TACARE wa kupanda miti na kuinua maisha ya watu. Mama aliwahi kubeba miche enzi hizo. Haongei kwa kusoma.

Baba mdogo hakubishana naye kama shemeji anavyobishana. Alisema gogo ambalo watu wa TFS hawajaligonga nyundo yeye haligusi, na kwamba kwa mwaka huu kazi kubwa itakuwa michikichi mizee na miti ya mashambani, si msituni. Mama akasema amesikia. Kusikia si kukubali, na sote tulijua. Lakini alitoa mchango wake.

Ikabaki kuchagua. Hapa baba mdogo alinishangaza: alitaka ile ya cc 91. Alisema mbao nene ndizo zenye hela, na injini ndogo inanyanyaswa na mninga. Mdogo wangu naye macho yalikuwa kwenye hiyohiyo. Kijana wa miaka ishirini na mbili haombi injini ndogo.

Nikawasomea hesabu ya tangi kwa nguvu, ya kwamba ukubwa hauongezi dakika. Nikawasomea saa nne. Baba mdogo akasikiliza, akaniuliza swali moja: "Kwenye michikichi, ipi inatosha?" Nikamwambia hilo yeye ndiye mwenye jibu. Akafikiri. Mchikichi si mgumu, una nyuzi nyuzi zinazojaza kila mahali na kumaliza makali ya mnyororo. Hauhitaji nguvu, unahitaji tupa na subira. Kazi nyingi itakuwa ya kutembea shamba hadi shamba, kuinama na kunyanyuka. Na anayetembea ni mtoto huyu.

"Ya cc 72," alisema hatimaye. "Mninga mnene ukija, tutakodi."

Mdogo wangu alinuna siku mbili.

*

Mashine ilifika, tukailaza mezani kama mgeni. Baba mdogo aliitingisha vishikio, akaridhika navyo vinavyocheza. Alimfundisha mdogo wangu kuchanganya: sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili ya kampuni yenyewe, na sehemu 25 kwa moja ukilazimika kutumia nyingine. Oili chafu ya gari kwenye mnyororo, ambayo wengi wanaimwagia kwa kuwa ni ya bure, aliikataza. Kitabu nacho kinaikataza. Kisha akatoa sheria ambayo haiko kwenye kitabu.

"Tangi likikwisha, mashine inakaa chini. Unanoa. Ukimaliza kunoa, unakunywa maji. Ukimaliza maji, unaigusa hapa ubavuni. Ikiwa bado ya moto, hujamaliza maji."

Kazi ya kwanza ilikuwa shamba moja upande wa Simbo, michikichi ya miaka mingi. Nilikwenda nao Jumamosi ile. Nilipima kwa simu: tangi moja lilidumu kama dakika ishirini na mbili za kukata. Nikafanya hesabu papo hapo, nimekaa kwenye kikonyo cha mchikichi. Kwa mashine ya 7, matangi matatu ni ule mstari wa kuchukua hatua. Matangi kumi na moja ni mstari wa mwisho.

Mwenye shamba alikuja saa tano, akawakuta wameketi, mmoja ananoa, mwingine anatazama.

"Vipi mzee, mashine imeharibika?"

"Hapana mheshimiwa. Imekwisha mafuta."

"Si dumu lile pale?"

"Ndilo. Na yeye tunamsubiri apoe."

Mwenye shamba alisimama kidogo, akatazama michikichi iliyokwisha kulala, akahesabu kwa macho. Hakusema kitu. Alipoondoka mdogo wangu akauliza kama kesho atatuita tena. Baba mdogo akasema hajui. Miaka yote hajawahi kumjibu tajiri namna ile, kwa hiyo hana uzoefu wa kinachofuata.

Tuliitwa tena.

Daftari sasa analo mdogo wangu. Nilimchorea safu mpya ya matangi, na kila jioni anajaza idadi ya siku. Siku ya kwanza aliandika tisa. Wiki iliyofuata, kazi ilipobana na mvua ikikaribia, aliandika kumi na mbili mara mbili mfululizo, na kando yake akaandika kwa herufi ndogo: baba mdogo hakuwepo. Nilipenda kwamba aliandika. Angeweza kuandika kumi na sisi tusijue.

Mikono ya baba mdogo haijarudi, na nilivyosoma, iliyofika alipofika yeye hairudi yote. Anachoweza bado ni kunoa. Anashika tupa kwa vidole vitatu, anahesabu misukumo kwa sauti ya chini, jino moja baada ya jingine, na hasikii kama tupa imeteleza mpaka aangalie kwa macho. Mdogo wangu anakaa karibu yake, chupa ya maji mkononi, akisubiri. Wiki iliyopita aliandika nane, saba, nane, sita, saba. Jumapili alikuja nyumbani amevaa shati jeupe la vifungo vingi, nikasimama mlangoni kumtazama anavyokifunga cha mwisho, kile kidogo cha shingoni.

"Unaangalia nini, dada?"

"Hamna. Funga tu."